Asubuhi za Masese

Baba mkwe wangu, Mzee Ratemo, hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Sisemi hivyo kumshtaki. Huku Gesima, kama kwa Wakisii wengi wa umri wake, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Humo ndani mna kitanda cha mwana na mkewe, na baba kukiona ni aibu tunayoiita chinsoni. Ukiivunja, kuna mbuzi wa kuchinjwa, wazee wa kuketi, na maneno yatakayosemwa mpaka wajukuu wayasikie. Kwa hiyo Mzee akitaka kitu kwetu husimama chini ya mparachichi akakohoa, nami nikatoka. Amekohoa hivyo tangu nilipoolewa kutoka Mosocho, na kusema kweli niliipenda ile desturi. Wanawake wengine huchunguliwa na wakwe mpaka ndani ya sufuria. Mimi nyumba yangu ilikuwa yangu.

Niliipenda hadi mwaka huu, mume wangu Masese alipoletwa nyumbani.

Masese alikuwa dereva wa lori la ndizi. Alipakia Keumbu jioni, asubuhi akawa Nairobi, akirudi analala kidogo kisha anapakia tena. Mara nyingine alifika Mombasa. Mimi kazi yangu ni chai. Naingia shambani umande ukiwa bado kwenye majani, natoka na kikapu mgongoni na kiuno kinachonilaumu. Ndoa yetu ilikuwa ya watu wawili waliochoka. Watoto hatukujaliwa, na Mzee, nimpe haki yake, hajawahi kunitupia neno kuhusu hilo wala kumnong'oneza mwanawe aongeze mke.

Kilichotuweka pamoja mimi na Masese ni ahadi ya kupumzika. Alisema siku moja atanipeleka mahali ambapo hakuna jani hata moja la chai, niketi kwenye kiti, niletewe chai iliyochemshwa na mtu mwingine. Nikimuuliza ni wapi, kila safari alikuja na mahali papya. Mara Naivasha. Mara Mtito Andei, eti kuna hoteli yenye kivuli kizuri.

"Wewe unataka kunipeleka pale unapopumzisha lori," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika mlango, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini mimi sikuwa nacheka. Kila Desemba nilimdai ile safari, na kila Desemba kulikuwa na mzigo. Nilinuna, nikamnyima mazungumzo siku mbili tatu, halafu akaondoka na lori na mimi nikabaki nimenuna peke yangu. Sijui kwa nini tulidhani kupumzika ni mji fulani ulio mbele, kwamba tukiendesha vya kutosha tutaufikia. Tungeweza kupumzika pale pale mlangoni. Kiti tulikuwa nacho.

Mgongo ulipoanza kumuuma hatukushtuka. Dereva gani ana mgongo mzima? Alimeza dawa za maumivu za dukani, akaweka mto nyuma ya kiti cha lori, akaendelea. Alipokubali kwenda hospitali mjini Kisii, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Wakamlaza, wakampiga picha, na mwishowe daktari kijana, mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, mpelekeni nyumbani akapumzike." Nilitaka kumzaba kofi. Neno hilo nililingoja miaka yote ya ndoa yangu, na ndivyo nilivyoletewa.

Siku za mwanzo hazikuwa mbaya sana. Asubuhi tulimbeba juu ya godoro, mimi na vijana wa jirani, tukamweka chini ya mparachichi, Mzee akaja na kigoda chake wakaongea. Mvua ya alasiri ikikaribia, tunamrudisha ndani. Halafu siku moja tulipomwinua, kitu kikalia kwenye nyonga yake kama ukuni mkavu unaovunjwa. Sikujua mwanamume mzima anaweza kupiga ukelele wa namna ile. Vijana wote walimwacha, nikabaki nimeshika pembe moja ya godoro.

Apiyo, muuguzi wa zahanati yetu, alikuja na sindano na chupa ya dawa ya maumivu makali. Ni Mjaluo wa upande wa Oyugis, na Kiswahili chake hakina kona.

"Lorna, sikiza vizuri," alisema akinawa mikono. "Huyu mtu asiinuliwe tena. Ata kidogo. Ata nyumba ikishika moto, afadhali msongeze nyumba."

Basi Masese akawa ndani, na baba yake akawa nje.

Mzee hakukata tamaa upesi. Alikaa chini ya dirisha letu dogo la mbao, wakajaribu kuongea hivyo hivyo. Sauti ya Masese ilikuwa imepungua, na masikio ya Mzee ni ya kizamani.

"Nauliza yule ndama," Masese anasema.

"Nini?"

"Ndama."

"Nini?"

Nikawa nasimama katikati, nachukua neno huku nalipeleka kule. Nilichoka nalo kabla wao hawajachoka. Siku ya tatu au ya nne Masese akanishika nguo.

"Usimpelekee kitu tena," alisema. "Nataka aje mwenyewe."

"Unajua hawezi."

"Nilipokuwa mdogo nikishikwa na malaria, alikuwa anakaa mwisho wa kitanda ananishika miguu mpaka nilale. Nataka anishike miguu, Lorna. Hicho tu."

Miguu yake ilikuwa baridi saa zote. Mimi nilikuwa naishika, naisugua kwa mafuta, naifunga kwa sweta langu. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia kwa huruma, yeye mgonjwa akinihurumia mimi.

"Yako ni mikono yako," alisema. "Nataka ya Tata, ya baba."

Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Lakini mtu anayekufa hachaguliwi cha kutaka. Nikaenda.

Nilimkuta Mzee kwenye zizi lake. Nilisimama mbali, macho chini, kama inavyonipasa, nikamweleza ombi la mwanawe neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikuna shingo ya ng'ombe.

"Mokamwana," alisema, hivyo ndivyo anavyoniita, mke wa mwana, "unataka niingie nione kitanda chenu? Nikitoka humo nitamtazama nani usoni?"

"Ni mtoto wako, Tata."

"Najua ni mtoto wangu." Sauti ilimtoka vibaya, akageukia ng'ombe.

Nilimwendea mama mkwe, Bitutu. Akaniambia Ratemo akiingia mle atakufa kwa aibu kabla mtoto hajafa kwa ugonjwa. Nilimwendea Ongeri, ndugu yake Mzee, ambaye ndiye hukaa kwenye mambo ya mila. Akasema mbuzi anaweza kupatikana na utakaso ukafanywa, lakini mtu hasukumwi kwenye chinsoni kwa mgongo, ni lazima atake mwenyewe. Mchungaji wao wa Sabato naye alikuja, akamfungulia Mzee Biblia, akamwonyesha kwamba jambo hilo halimo humo. Mzee alimshukuru kwa heshima zote, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akakaa chini ya mparachichi.

Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na wote, hata na Masese kwa kutaka kitu kigumu hivyo.

Alasiri moja mvua ikanyesha kama kawaida yetu, nikatoka nyuma ya nyumba kuweka pipa chini ya bati. Nikamkuta Mzee amejibanza pale chini ya paa, hakuniona. Alikuwa ameuwekea ukuta kiganja chake. Ni ukuta wa udongo, hauzidi unene wa shubiri, na upande wa pili, pale pale mkono wake ulipokuwa, ndipo kilipo kitanda chetu. Masese alikuwa amelala nyuma ya udongo huo. Nilirudi polepole bila kuliweka pipa.

Maneno ya Apiyo yakanijia. Kama mgonjwa hawezi kutoka, basi nyumba na imtoke.

Kesho yake asubuhi nilimfunika Masese kwa turubai la lori lake, nikamwambia afumbe macho, nikazunguka nyuma na jembe. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La tatu likatoa donge kubwa, na fito zikaonekana. Nyumba ile niliikandika mwenyewe nikiwa mke mpya, nikaipaka samadi na majivu kwa mikono hii. Nilipiga huku nalia, na nilikuwa nalia kwa hasira zaidi.

"Lorna," Masese alisema kutoka chini ya turubai, "sijaondoka bado umeshaanza kubomoa?"

"Nyamaza, vumbi litakuingia."

"Mwanamke mwingine angengoja hata matanga yaishe."

Tulicheka, yeye ndani na mimi nje. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kabisa kwa muda ule.

Bitutu alisikia kishindo akaja mbio. Alisimama akiniangalia, nikajua anafikiri nimerukwa na akili. Kisha alielewa. Alikwenda akaleta panga, akaanza kukata fito. Niliacha nguzo za pembeni zibebe paa. Tulipomaliza, ubavu mzima wa chumba ulikuwa wazi, na Masese amelala pale akitazama mashamba ya chai kana kwamba yuko barazani.

Mzee alikuja na fimbo yake. Alikagua kazi ile kama mtu anayenunua kiwanja. Alitazama msingi, akatazama paa, akamuuliza Bitutu maswali ambayo alipaswa kuniuliza mimi. Mwisho akaweka kigoda kwenye nyasi, nje kidogo ya pale ukuta uliposimama, akaketi, akanyoosha mikono mpaka ikafika kitandani.

"Miguu yangu iko nje," alitangaza, hatujui akimwambia nani.

"Iko nje, Tata," Masese alisema. "Nimeiona."

Akaishika miguu ya mwanawe. Mimi na Bitutu tukaondoka pale.

Lakini kulikuwa na sharti, na Mzee aliniletea kupitia Bitutu siku ile ile. Atakaa pale kila siku, ila mimi nisiwepo. Kitanda, mke wa kitanda, na baba mkwe, hivyo vitatu haviwezi kukaa pamoja, hata ukuta ukivunjwa wote. Nikakubali mbio mbio, kama mtu anayenunua kitu kabla mwenyewe hajabadili bei. Tukapanga zamu. Mzee angekuja asubuhi baada ya uji, nami ningekwenda kuchuma chai. Nikirudi, yeye anaondoka. Mchana na usiku ni wangu. Nilijiona nimepata sehemu kubwa.

Sikuwa nimefikiri. Masese alikuwa na saa chache tu za kuwa mtu. Baada ya uji, dawa ya usiku ikiwa imemtoka kichwani na maumivu hayajapanda, alikuwa Masese, anaongea, anatania. Jua likifika juu ya mparachichi, maumivu yanaanza, nampa dawa ya Apiyo, analala mpaka kesho. Mimi nilibaki na mwili wa kugeuza, wa kuosha, wa kusikiliza unavyokoroma. Asubuhi zake zote zilikuwa za baba yake, na mimi ndiye niliyezitoa kwa mikono yangu.

Nilikuwa nawasikia nikiwa kwenye mistari ya chai. Shamba letu liko chini tu ya nyumba. Majani mawili na chipukizi, natupa nyuma kikapuni, na huku nyuma yangu sauti ya Masese inaeleza mteremko fulani wa barabara ya Mombasa, na Mzee, ambaye hajawahi kupita Kericho, anauliza kama lori haliogopi. Siku moja walicheka wote wawili kwa kitu ambacho sikukisikia. Nilisimama na majani mkononi. Nilimwonea wivu yule mzee, wivu wa kike kabisa, utadhani mume wangu ana mwingine.

"Mnaongea nini?" nilimuuliza Masese mchana ule nikimpa dawa.

"Safari," alisema, na macho yake yakafunga.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Jumamosi. Mzee ni Msabato wa kuzaliwa. Siku ya Sabato anatoka na Biblia yake asubuhi na kurudi alasiri, na hakuna kitu cha kumzuia. Mimi ni Mkatoliki wa Mosocho mpaka leo, kanisa langu ni Jumapili. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nilichuma nikijiandalia maneno. Nisingemuuliza chochote kigumu. Ningeketi kwenye kiti pale palipokuwa na ukuta, nimwambie, haya, chagua mahali, na popote atakapotaja nitakubali, hata kama ni Mtito Andei. Nilitaka kumwambia pia kwamba zile Desemba sikuwa nimekasirikia safari. Nilikuwa nataka tu asiondoke. Ni maneno machache, lakini yanahitaji mtu aliye macho. Huwezi kumwambia mtu aliyelewa dawa, atayajibu na kuyasahau kwa pumzi moja.

Alhamisi jioni alifumbua macho kidogo nikimfunika.

"Jumamosi ni mimi na wewe," nilimwambia sikioni. "Mzee anaenda kanisani."

"Uje na kiti," alisema.

Ijumaa nilimpa uji, akala vijiko viwili. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku zote, yaani mtulivu, kama mtu aliyelala vizuri. Mzee akakohoa chini ya mparachichi. Nilitamani kutoka nimwambie, Tata, leo rudi, niachie leo. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini Masese alikuwa ameshakisikia kile kikohozi, na akaanza kujivuta kidogo kwenye mto ili ajiweke sawa.

"Tata amefika," alisema.

Nikajiambia kesho si mbali. Nikachukua kikapu.

Shambani kulikuwa na haraka, maana Ijumaa watu wa huku hutaka chai iwe imeshapimwa kituoni na kazi iwe imekwisha kabla Sabato haijaingia. Nami nilichuma kwa haraka, nikitaka kuimaliza siku. Niliwasikia wakiongea. Halafu nikawasikia wamenyamaza, na sikufikiri kitu, kwa kuwa hata siku nyingine hunyamaza. Kikapu kilijaa mapema. Nilifurahi nacho, kusema ukweli, nikapanda nacho juu.

Kwa kawaida Mzee akisikia nyasi zinalia huinuka na kwenda zake kabla sijafika. Siku hiyo hakuinuka. Alikuwa ameinama, mkono mmoja uko kitandani. Nikasimama mbali nikimngoja aondoke.

"Mokamwana," alisema bila kugeuka, "sogea."

Hajawahi kuniambia nisogee. Nikajua. Nilitua kikapu chini taratibu, kwa namna mtu anavyotua chai asiiponde, sijui kwa nini nilijali.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Alisema nini?"

Mzee angeweza kunidanganya na ningemshukuru.

"Aliuliza Lorna yuko wapi," alisema. "Nikamwambia yuko kwa chai. Akasema, mwite."

"Na hukuniita."

"Alikuwa amenishika mkono. Nilisema nikisimama ataniachia. Nikasema, ngoja kwanza. Nilitaka nipaze sauti, ikakataa kutoka." Aliufungua mkono wake akautazama. "Ilikuwa kidogo tu, mokamwana. Kisha akawa ameniachia mwenyewe."

Nilipokuwa nikichuma ni hapo tu chini. Mtoto angerusha jiwe likanifikia. Nilimchukia Mzee Ratemo kwa moyo wangu wote, nikitazama upara wake umelowa jasho. Na katika chuki ile ile nikajua kwamba kama ni mkono wangu Masese alioushika, nisingeinuka kumwitia mtu. Ningemwacha baba yake akohoe chini ya mparachichi mpaka jioni.

"Umefanya vizuri, Tata," nikamwambia.

Haikuwa kweli, na alijua haikuwa kweli. Alishika nguzo, akasimama, akamtazama mwanawe mara moja, akachukua kigoda chake na kuondoka ili anipishe, kama tulivyokubaliana. Jua lilikuwa halijafika juu ya mparachichi. Nilizunguka nikaingia kwa mlango, nikavuta kiti, nikaketi kando ya kitanda, na hiyo ndiyo asubuhi pekee niliyopata na Masese.